Kiingereza ni maskini wa vitenzi? Neno moja "run" limepewa maana zaidi ya 600!

#1 Kalamu_Butu
Wakuu, heshima kwenu. Kuna jambo linanikera siku nyingi. Tunaambiwa Kiingereza kina maneno mengi ajabu, lakini ukisikiliza wenyewe wakiongea, ni yaleyale tu: get, put, set, run, take, make. Yanabebeshwa kila mzigo.

Angalieni "run". Mtu "runs", mto "runs", makamasi "run", injini "runs", rangi ya nguo "runs", mgombea "runs", na mwenye kampuni naye "runs" kampuni yake. Sisi je? Mtu anakimbia, mto unatiririka, makamasi yanachuruzika, injini inafanya kazi, rangi inachuja, mgombea anagombea, kampuni inaendeshwa. Saba kwa moja! Sasa tajiri hapo nani?

Halafu neno hilohilo leo ni nomino, kesho kitenzi, keshokutwa kielezi. "Round" peke yake linaingia katika aina tano za maneno.

Hoja yangu: Kiingereza ni maskini wa vitenzi, kinaficha umaskini kwa kuvaa nguo moja kila shughuli. Nipingeni kwa hoja, si kwa matusi.

#2 Siti_ya_Mbele
Nimewahi siti. Tiririkeni.

#3 Bwana_Koma
Mkuu Kalamu, bingwa si "run", ni "set". Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, ililipatia maana zaidi ya 430, na maelezo yake yalichukua maneno kama 60,000. Hicho ni kitabu kizima kwa neno la herufi tatu.

#4 Bi_Msamiati
Koma, hiyo ilikuwa kweli mwaka huo wa 1989. Walipoanza kuandika upya kamusi yote, "make" ikaipita mwaka 2000, "put" ikafuata 2007, na 2011 "run" ikashika usukani kwa maana 645, na hizo ni za kitenzi tu. Mhariri Peter Gilliver alikaa na neno hilo moja takriban miezi tisa.

Ila mashindano yenyewe hayakuwa ya haki. Wahariri walianzia herufi M, kwa hiyo walipofika kwenye R mwaka 2011, "set" ya watu ilikuwa bado kwenye foleni na hesabu yake ya zamani.

#5 Bwana_Koma
Ndiyo maana nikataja mwaka, dada. 1989 ni 1989.

#6 Chokochoko
Miezi tisa! Huyo alijifungua, hakuandika.

#7 Nukta_Mkato
Mimi hizi hesabu sizipi uzito kabisa. Maana haihesabiki kama mbuzi zizini. Mhariri mmoja ataona "mto runs" na "bomba runs" ni maana moja, kitu cha majimaji kinasogea. Mwingine atazitenga. Wa tatu atatenga na mafuta. Ukiwapa wahariri watatu neno moja watakuletea hesabu tatu, na wote watakuwa sahihi. Kwa hiyo 645 inatueleza kuhusu kamusi, haituelezi chochote kuhusu kichwa cha msemaji.

Na Kalamu, kabla hujawacheka wenzako: piga simu, piga picha, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga magoti, piga mbizi, piga hesabu. Nani anampiga nani hapo?

#8 Chokochoko
Namba 7 kapiga chenga ya mwili, kapiga na bao 😂

#9 Kalamu_Butu
Nukta, hiyo ya "piga" siikubali. "Piga" hapo haina maana yake yenyewe, nomino inayofuata ndiyo inayobeba kila kitu. "Run" inasimama peke yake na bado inabadilika.

#10 Nukta_Mkato
"Run" haisimami peke yake hata siku moja. Ulivyoiandika wewe mwenyewe: MTO runs, RANGI runs, MGOMBEA runs. Toa kiima uone kama utajua ni ipi. Tofauti ni kwamba "piga" inasaidiwa na wa nyuma yake, "run" inasaidiwa na wa mbele.

#11 Mwalimu_Mstaafu
Vijana, salaam. Mnabishana kuhusu matawi, shina mmelisahau.

Kiingereza cha Kale, kile cha kabla ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuvuka bahari na kuiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na viambishi tamati vingi. Upendo ulikuwa "lufu", kupenda ilikuwa "lufian". Mwisho wa neno ulikwambia hapo hapo kama una nomino au kitenzi. Karne zilivyopita viambishi hivyo vikapukutika, vyote viwili vikabaki "love". Baada ya hapo hakuna tena mlinzi mlangoni. Nomino yoyote ikikaa mahali pa kitenzi, inakuwa kitenzi. Chupa ni "bottle", kutia kwenye chupa ni "to bottle". Mkono ni "hand", kumkabidhi mtu ni "to hand". Sisi huwezi kusema "nimechupa maji" ukaeleweka, kwa sababu viambishi vyetu bado viko kazini.

Kwa hiyo huo si umaskini. Nafasi ya neno katika sentensi imerithi kazi ya kiambishi, basi.

#12 Kijana_wa_Juzi
Mwalimu asante. Kwa hiyo Wanormani ndio waliovunja viambishi?

#13 Bi_Msamiati
Wengi wanapenda kuwapa Wanormani lawama yote, lakini viambishi vilianza kudhoofika kabla yao. Wapo wanaosema sababu ni mkazo: Kiingereza kiliukandamiza kwenye silabi ya mwanzo wa shina, silabi za mwisho zikawa zinamezwa hadi zote zikafanana. Wapo wanaosema ni mchanganyiko na wasemaji wa Kinorse, lugha ya Maviking kutoka Skandinavia, kaskazini na mashariki mwa Uingereza: mashina ya lugha hizo mbili yalikaribiana, miisho ikatofautiana, kwa hiyo watu wakaona heri waiache miisho. Mimi naelemea la pili, ila sina ugomvi na wa la kwanza.

#14 Mtafsiri_Huru
Maelezo ya mwalimu yanatatua nusu tu. Yanaeleza kwa nini neno hubadili AINA. Hayaelezi kwa nini linabadili MAANA.

Kwenye maana kuna vitu viwili ambavyo uzi huu unavichanganya tangu mwanzo. Kuna neno moja lililotanuka, kama "run". Halafu kuna maneno mawili matatu yasiyojuana kabisa, yaliyogongana njiani kwa sababu sauti zilibadilika. "Light" ya mwanga na "light" ya kitu chepesi ni wageni wawili. "Match" ya mwenza imetoka Kiingereza cha Kale, "match" ya kiberiti imetoka Kifaransa, ambako ilikuwa utambi. "Bark" ya mbwa ni ya nyumbani, "bark" ya gome la mti ililetwa na Wanorse. Na "mean" ndiyo kiboko: kumaanisha, mchoyo, na wastani. Ya wastani ikapitia Ufaransa.

Hao hawakuvaa nguo moja kila shughuli, Kalamu. Ni watu tofauti walioshonewa sare.

#15 Fundi_Kodi
Na "bank" ya mto na "bank" ya fedha iongeze hapo.

#16 Mtafsiri_Huru
Hiyo ndiyo inayoharibu mpangilio wangu, ndiyo maana niliiruka 😅 Ya mto ilitoka kwa Wanorse. Ya fedha ilipitia Italia, kutoka benchi la mbadili fedha. Lakini hilo neno la Kiitaliano la benchi nalo lilichukuliwa kutoka lugha za Kijerumani, kwenye mzizi uleule wa ukingo wa mto. Ni binamu waliopotezana, wakakutana London wakiwa na jina moja, na hawafahamiani.

#17 Nukta_Mkato
Basi mpaka wako kati ya neno moja na maneno mawili umeanguka. Msemaji wa leo hana habari na Wanorse. "Ear" la kichwani na "ear" la hindi, Mwingereza wa kawaida atakwambia ni neno moja, suke limefananishwa na sikio. Kihistoria ni mawili tofauti. Nani yuko sahihi, anayelitumia au kaburi la neno?

#18 Kimya_Kimya
Huwa nasoma tu lakini leo nimeshindwa kunyamaza. "Fast". Mwendo kasi ni "fast", kilichokwama kisitoke ni "fast", na kuacha kula ni "fast". Nani anielezee hiyo.

#19 Bi_Msamiati
Karibu Kimya. Hiyo ni tamu kweli. Maana ya zamani ni imara, iliyokazwa. Ndiyo inayokaa kwenye "fasten" na kwenye "hold fast". Kutoka imara ikaenda kwa nguvu, kutoka kwa nguvu ikaenda kwa kasi: mtu anayekimbia kwa kukaza. Na kuacha kula ni kujizuia, kushikilia mwiko.

Sasa tazama upande wetu: kufunga mlango, kufunga mzigo, kufunga saumu. Lugha mbili zisizo na udugu, zimepita njia ileile. Na asubuhi Mwingereza anavunja funga yake, "breakfast", sisi jioni tunafungua.

#20 Kijana_wa_Juzi
Daah! Hii nimeiandika kwenye daftari.

#21 Chokochoko
Na kufunga bao je? Na kufunga ndoa? Kufunga mtu jela? Kalamu Butu njoo utetee utajiri wa vitenzi vyetu 🤣

#22 Kalamu_Butu
Nipo, nasoma. "Funga" ina maana moja ya msingi, mnazitawanya kwa makusudi.

#23 Nukta_Mkato
Hahaha, ndicho Mwingereza atakachokwambia kuhusu "run".

#24 Fundi_Kodi
Mimi naliangalia kwa jicho la kompyuta. Mwaka 1960 mwanaisimu Bar-Hillel alitoa mfano uliowaumiza vichwa watu wa tafsiri kwa mashine: "The box was in the pen." Sanduku lilikuwa ndani ya "pen". Ya kuandikia haiwezekani, haliingii. Lazima iwe uzio mdogo wa mtoto kuchezea. Sarufi haikusaidii hapo, unahitaji kujua ukubwa wa vitu duniani. Akasema mashine haitaweza. Siku hizi zinajitahidi, lakini swali lake lilikuwa la haki.

Miaka hiyohiyo kule Harvard, programu ya kuchanganua sentensi ilipewa "Time flies like an arrow". Binadamu anasikia moja: muda unapaa kama mshale. Programu ikatoa zaidi ya moja. Kwamba kuna nzi wanaoitwa nzi wa muda, na wanapenda mshale. Au ni amri: pima mwendo wa nzi upesi kama mshale. Zote ni halali kisarufi! "Flies" nomino au kitenzi, "like" kitenzi au kihusishi, "time" nomino au kitenzi au hata kama kivumishi.

#25 Siti_ya_Mbele
Nzi wa muda wanapenda mshale 💀💀

#26 Bi_Msamiati
Na "like" hiyo nayo ina kisa. Zamani mtu hakusema yeye "anapenda" kitu, kitu ndicho kilichompendeza. Kama sisi tunavyosema "imenipendeza". Baadaye ikageuzwa, mtu akawa kiima. Na "like" ya mfano inatoka mzizi uleule wa zamani uliomaanisha mwili au umbo. Kinachofanana na wewe kina umbo lako, kinachokupendeza kinakufaa umbo. Hata ile "-ly" ya vielezi ni yeye huyohuyo aliyekonda.

Siku hizi vijana wao wanalitumia kunukuu maneno ya mtu, "he was like...", na kuziba pengo wakiwa wanafikiri. Wazee wao wanakereka. Mimi naona ni kazi halali tu kama "yaani" yetu.

#27 Chokochoko
Nileteeni mwanamume wa kutafsiri hii: Buffalo buffalo Buffalo buffalo buffalo buffalo Buffalo buffalo.

#28 Mtafsiri_Huru
Hiyo inacheza na maana tatu. Nyati, mji wa Buffalo huko New York, na kitenzi cha kubabaisha watu. Nyati wa Buffalo wanaobabaishwa na nyati wa Buffalo, nao wanawababaisha nyati wa Buffalo. Ni mchezo, hakuna aliyewahi kuitamka akiwa na shida. Na sisi tunao: paa kapaa juu ya paa.

#29 Mwalimu_Mstaafu
Mtafsiri, mfano wako una jambo kubwa kuliko ulivyokusudia. Ukisema "paa huyu", kila mtu anaona mnyama. Ukisema "paa hili", wanaona nyumba. Ua hili, mtu anawaza kunusa. Ua huu, anawaza uzio. Neno la Kiswahili likijificha, jirani yake anamtaja, kwa sababu upatanisho wa ngeli unasambaa sentensi nzima. Kwa Kiingereza "the bat" ni popo na ni gongo, na "the" haisemi kitu, "this" haisemi kitu, hata kivumishi hakisemi kitu.

Hapo ndipo mwanafunzi wetu anapoumia. Amezoea kusaidiwa na majirani.

#30 Nukta_Mkato
Mwalimu, nakubali kwa popo na gongo. Lakini kwenye aina za maneno majirani wao wanasema. "A round", nomino. "To round", kitenzi. "Rounder", kivumishi. Wana vijineno vidogo vinavyofanya kazi ya ngeli kwa njia yao. Na wana sauti: "record" ukikaza mwanzo ni nomino, ukikaza mwisho ni kitenzi. Vilevile "permit", "object", "present". Kwenye maandishi ndipo yanapofanana.

#31 Kimya_Kimya
Sisi tuna barabara. Ukikaza "ba" ya karibu na mwisho kama kawaida, unasema "ra-BA"... ngoja, kuandika sauti ni kazi. Wasomaji wa sauti wananielewa: barabára ni njia, barábara ni sawasawa.

#32 Muuguzi_Zamu
Ninyi mnacheza, sisi wengine yanatufikia kazini. "Discharge" kwenye faili. Mgonjwa karuhusiwa kwenda nyumbani au jeraha linatoa usaha? Nimemwona mwanafunzi akisoma "discharge noted" akaanza kuandaa karatasi za kumruhusu mgonjwa. Kidonda chake ndicho kilikuwa kinatoa. Bahati mwenzetu aliingilia.

Na "cold" usiniulize.

#33 Mtafsiri_Huru
Pole. Mimi niliwahi kuletewa nihariri tafsiri ya barua ya madai, "outstanding balance" imeandikwa "salio lililo bora kabisa". Mdaiwa angesoma angeshukuru kwa pongezi.

Mbaya zaidi ni neno linalojipinga lenyewe. "Oversight" ni usimamizi na ni kupitiwa. "Sanction" ni kuruhusu na ni kuadhibu. "Dust" ni kufuta vumbi na ni kunyunyiza unga. "To table" hoja, Mwingereza anamaanisha iletwe ijadiliwe, Mmarekani anamaanisha iwekwe kando. Churchill aliandika kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili maofisa wa pande hizo mbili walibishana kwa muda mrefu juu ya hilo, na kumbe wote walitaka jambo moja.

#34 Chokochoko
Halafu sisi tukigombana kwenye kikundi cha familia mnasema hatujasoma.

#35 Kijana_wa_Juzi
Na "let"? Maana yake kuruhusu, lakini kwenye tenisi mpira ukigusa wavu mchezaji akianzisha wanasema "let".

#36 Bi_Msamiati
Swali zuri. Ni vitenzi viwili tofauti vya zamani: kimoja kuachia, kingine kuzuia. Cha kuzuia kimekufa karibu chote, kimebaki kwenye tenisi na kwenye pasipoti ya Uingereza, "without let or hindrance", yaani mwenye hati apite bila kizuizi. Ndiyo mtu anayejua "let" ya kuruhusu akisoma pale anababaika.

#37 Fundi_Kodi
Turudi kwenye swali la kwa nini. Mwanaisimu Zipf mwaka 1945 alionesha kwamba neno linavyotumika sana ndivyo linavyokuwa na maana nyingi. Si Wanormani, si Wanorse. Msemaji anataka kutumia maneno machache yaliyo mdomoni tayari, msikilizaji anataka kila kitu kiwe na neno lake. Wanakutana katikati.

Mwaka 2012 watafiti Piantadosi, Tily na Gibson wakaenda mbele zaidi: utata ni faida. Kama muktadha unaeleza tayari, kwa nini upoteze neno refu? Wakapima Kiingereza, Kijerumani na Kiholanzi, wakakuta maneno mafupi na mepesi kutamka ndiyo yanayobeba maana nyingi zaidi.

Ndiyo maana "run" ina maana nyingi na "photosynthesis" ina moja.

#38 Nukta_Mkato
Sawa, lakini kipi kilitangulia? Linatumika sana kwa kuwa lina maana nyingi, au lina maana nyingi kwa kuwa linatumika sana? Hiyo takwimu inakubali zote mbili.

#39 Mwalimu_Mstaafu
Na bado haielezi kwa nini nomino inageuka kitenzi bila kubadilika umbo. Mnanizunguka tu.

#40 Kalamu_Butu
Sasa tuseme ni faida, je, kichwa hakichoki kuchagua kila mara?

#41 Fundi_Kodi
Mwanasaikolojia Swinney alipima mwaka 1979. Watu walisikia sentensi zenye "bugs", neno linalomaanisha wadudu na pia vinasa sauti vya kijasusi. Hata sentensi ilipoonesha wazi ni wadudu, kwa nukta ndogo ya muda maana zote mbili ziliwaka kichwani. Silabi chache baadaye iliyobaki ni moja. Unachagua bila kujijua kwamba umechagua.

#42 Mkosoaji_Kazi
Nimesoma yote. Ushauri kwa wanaojifunza: acheni kukariri maana za "get" kwa orodha. Jifunzeni kipande kizima, "get over it", "get away with it". Neno peke yake halina faida.

#43 Nukta_Mkato
Na vipande navyo vina vituko. Nyumba ikiteketea "burns down", ikiteketea hivyohivyo "burns up". Fomu unai-"fill in" au unai-"fill out", fomu ni ileile.

#44 Kalamu_Butu
Afadhali hizo. Taa "goes off", imezimika. Kengele ya kukuamsha "goes off", imeanza kupiga kelele. Semeni hiyo nayo ni utajiri.

#45 Bi_Msamiati
"Off" ni kuondoka kwenye hali. Taa imeondoka kwenye kuwaka, kengele imeondoka kwenye kutulia, kama bunduki inavyofyatuka. Na "off" na "of" zamani zilikuwa neno moja lililotamkwa kwa nguvu au kwa ulaini.

#46 Chokochoko
Na maziwa yaki-"go off", yameondoka kwenda wapi?

#47 Muuguzi_Zamu
Kwenye tumbo la aliyeyanywa. Tuulizeni sisi wa zamu ya usiku.